UZI: Januari wanaburuza mkia ligi nzima, Juni wanabeba kombe. St. Louis Blues 2018/19 kama nilivyowaona

Kibarua wa Missouri

Wakuu habari za majukumu.

Juzi kuna mtu alifungua uzi anauliza ni timu gani uliwahi kuiona imekufa kabisa halafu ikafufuka, watu wakajaza Leicester, Liverpool ya Istanbul, Ugiriki 2004. Nikataka kujibu nikaona jibu langu ni refu na pia sio mpira wa miguu, wangenitoa nduki, kwahiyo nafungua wangu. Ni hoki ya barafuni. Najua wengine mshaanza kuondoka ila subirini kwanza.

Mi niko St. Louis, Missouri, nilifika 2017, kazi ya ghala shifti ya usiku. Nilivyofika nilikuwa sijui chochote kuhusu huu mchezo, nilidhani ni watu wanagombana wakiwa wamevaa magodoro. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mlinzi wa getini, mzungu, anaishabikia hii timu tangu inaanzishwa 1967. Hebu piga hesabu, tangu 1967 mpaka 2018 hajawahi kuona kombe hata siku moja. Misimu mitatu ya mwanzo kabisa, 1968, 1969 na 1970, walifika fainali zote tatu na zote wakapigwa nne bila. Mechi 12 za fainali, ushindi sifuri. Ile ya 1970 waliwafunga ni Boston Bruins, na goli la mwisho alifunga Bobby Orr, ile picha yake anapaa hewani kama samaki karuka majini ipo mpaka leo na mzee wangu alikuwa hataki hata kuiona. Lishikeni hilo jina la Boston, tutalirudia.

Sasa kwa wasiojua, haraka haraka. Timu inakuwa na watu sita uwanjani pamoja na kipa, wanaingia na kutoka mchezo ukiendelea bila kumuomba refa, mtu anacheza chini ya dakika moja anarudi benchi kuhema. Mpira wao ni kisahani cheusi kigumu. Vipindi vitatu vya dakika 20. Ligi ni NHL, wakati ule timu 31, kila timu mechi 82, ukishinda pointi mbili, ukifungwa muda wa nyongeza unaambulia moja. Halafu 16 zinaingia mtoano, na mtoano wao sio nyumbani na ugenini kama wa Ulaya, ni mpaka mmoja ashinde mechi nne, raundi nne. Yaani kubeba Kombe la Stanley unatakiwa ushinde mechi 16 baada ya kumaliza 82. Ni kifo.

Naandika sehemu ya kwanza naja.

Bint Kigamboni

Siti ya mbele, bisi mkononi. Ila uzi bila picha mkuu?

Chuma cha Reli

Magodoro 😂😂😂 nimecheka kwa sauti ofisini

Kibarua wa Missouri

Sehemu ya kwanza, Blues wanakufa.

Kiangazi cha 2018 meneja wao Doug Armstrong alifungua pochi. Akamleta Ryan O'Reilly kutoka Buffalo kwa kutoa wachezaji watatu na nafasi mbili za kuchagua vijana kwenye mgao wa ligi wa kila mwaka. Huyu O'Reilly alikuwa ametoka kusema hadharani kwamba kufungwafungwa kule Buffalo kulimfanya mara kadhaa apoteze mapenzi na mchezo. Akamrudisha David Perron, akamleta Tyler Bozak, na akamleta Pat Maroon, jamaa mmoja mkubwa mzito mwenye ndevu ambaye ni mtoto wa hapa hapa St. Louis, alikubali mkataba wa mwaka mmoja ili awe karibu na mwanae wa kiume. Kwenye makaratasi kikosi kilikuwa cha moto, mzee akaniambia mwaka huu ndo wenyewe. Nikamuuliza umesema hivyo mara ngapi tangu 1967, akanuna siku mbili.

Ligi ikaanza, aisee. Vipigo. Novemba 19 wakafungwa na Los Angeles 2-0 nyumbani, usiku ule ule kocha Mike Yeo akafukuzwa, timu ina ushindi 7 tu kwenye mechi 19. Akapewa msaidizi wake, Craig Berube, wenyewe wanamwita Chief. Huyu zamani alikuwa mchezaji wa hoki wa kupigana ngumi uwanjani, ana dakika zaidi ya 3,000 za kukaa kwenye kibanda cha adhabu maishani mwake. Maana kwenye hoki ukifanya madhambi unakaa kibandani dakika mbili au tano, timu yako inacheza pungufu.

Sasa hapa ndo nataka watu wanielewe, kwasababu kila anayesimulia hii hadithi anasema "walimfukuza kocha mambo yakanyooka". Uongo. Berube alikaa wiki sita na timu bado mbovu. Desemba mazoezini wakapigana wenyewe kwa wenyewe, Robert Bortuzzo na Zach Sanford, ngumi za ukweli, video ikazunguka nchi nzima. Asubuhi ya Januari 3, 2019 ukifungua msimamo unaikuta St. Louis namba 31 kati ya 31. Pointi 34. Mzee getini hata redio alikuwa hawashi.

Mkeka Haudanganyi

Mkuu hapo odi ilikuwa ngapi? Niambie tu nijiumize roho

Kibarua wa Missouri

250 kwa 1 mkuu. Na kuna jamaa mmoja shabiki wao alikuwa Las Vegas mwezi huo huo wa Januari akaweka dola 400.

Mkeka Haudanganyi

Laki moja ya dola???

Kibarua wa Missouri

Laki moja. Na njiani watu walimfuata wanataka kuinunua ile tiketi yake akagoma kuiuza. Ila tulia, bado iko Januari hapa.

Mkeka Haudanganyi

Mi ningeiuza raundi ya pili nikalale

Kipa Mstaafu wa Mchangani

Endelea mkuu, mi nimeshanusa kuna kipa anakuja kwenye hii stori

Kibarua wa Missouri

Umenusa vizuri wewe.

Sehemu ya pili. Kuna kijana anaitwa Jordan Binnington. Yule timu ilimchagua 2011, raundi ya tatu ya ule mgao wa vijana, halafu ikamsahau kwenye timu za chini miaka na miaka. Msimu wa nyuma yake Blues hawakuwa hata na timu yao ya daraja la pili, wakamkopesha Providence, na Providence ni timu ya kulelea wachezaji wa nani? Wa Boston. Yaani Boston walimlisha wenyewe. Msimu unaanza 2018 alikuwa kipa namba nne. Namba nne wakuu! Ana miaka 25, kwenye hoki hiyo unaanza kuitwa kaka.

Januari 7, ugenini Philadelphia, Berube akamuanzisha mechi yake ya kwanza. Akadaka michomo yote 25, Blues 3-0. Na usiku wa kuamkia mechi ile ndo ikazaliwa habari ya wimbo wao. Baadhi ya wachezaji walikwenda kwenye baa moja ya mtaani kusini mwa Philadelphia kuangalia mechi ya futiboli ya Kimarekani, Eagles na Bears. Kila mapumziko kuna mtu anapiga kelele "pigeni Gloria!" dijei anaweka ule wimbo wa Laura Branigan wa 1982, baa nzima watu wazima wanarukaruka. Wachezaji wakaona huu ndo utakuwa wimbo wetu wa ushindi. Kesho yake wakashinda, wakaupiga chumba cha kubadilishia. Basi. Kuanzia hapo mji mzima wimbo mmoja, supamaketi Gloria, saluni Gloria, kwenye basi dereva Gloria. Mi nilikuwa nauota.

Akapangwa tena, akashinda, akapangwa tena. Kuanzia Januari 23 mpaka Februari 19 wakashinda mechi 11 mfululizo, rekodi ya klabu. Binnington kamaliza msimu ana ushindi 24, kapoteza mechi 5 tu ndani ya dakika za kawaida na moja ya nyongeza, wastani wa kufungwa goli 1.89 kwa mechi. Mwandishi mmoja akamuuliza kama ana woga, akamjibu kwa kumuuliza, naonekana nina woga? Yale maneno yakachapwa kwenye fulana, nikanunua mbili.

Wakamaliza na pointi 99, nafasi ya tatu kwenye kundi lao, pointi moja nyuma ya Nashville aliyeongoza. Kutoka namba 31 Januari.

Kipa Mstaafu wa Mchangani

Nilisema mimi. Kipa ni nusu ya timu, nimewaambia watu miaka 20 kwenye ndondo wananiona nabwata tu. Mabeki wakijua nyuma kuna mtu hata pasi zao zinabadilika, beki anathubutu kupanda, anajua akikosea kuna wa kumfutia.

Chuma cha Reli

Ila mkuu hapa ndo unajipinga, umesema kocha hakubadilisha kitu halafu kocha huyo huyo ndo kamuanzisha kipa.

Kibarua wa Missouri

Sijasema hakubadilisha, nimesema kufukuza kocha peke yake hakukutosha. Tofauti ipo. Berube alichofanya ni kurahisisha mchezo, tupa kisahani nyuma ya mabeki wao, wafuate, wagonge, choka na wewe umchoshe. Wachezaji wakubwa wakakubali kazi ndogo, Alexander Steen alikuwa nyota miaka mingi pale, akashushwa akawa anacheza kundi la nne la kukaba na wakina Sundqvist na Barbashev, hajanuna hata siku moja. Ila mchezo wa namna hiyo ukiwa na kipa anayevujisha unafungwa 3-2 kila siku na watu wanasema kocha hana mbinu. Ndo kilichokuwa kinatokea Desemba.

Mama Shushu

Wanaume mkianza kubishana mnaharibu uzi. Mtoano tafadhali!

Kibarua wa Missouri

Haya dada mkubwa, mtoano.

Kwanza jueni mwaka ule Tampa Bay alikuwa ameshinda mechi 62 kati ya 82, pointi 128, kila mtu anasema kombe lake. Raundi ya kwanza kachapwa nne bila na Columbus. Calgary aliyeongoza upande wa magharibi naye nje raundi ile ile. Yaani wakubwa walifagiliwa mapema, sikatai.

Blues raundi ya kwanza na Winnipeg. Wakashinda mbili kule Kanada, wakarudi nyumbani wakafungwa zote mbili. Mechi ya 5 ugenini wako nyuma 2-0, wakasawazisha, halafu zimebaki sekunde 15 Jaden Schwartz akatupia, 3-2. Mechi ya 6 huyo huyo Schwartz goli tatu peke yake, kwaheri Winnipeg.

Raundi ya pili Dallas. Hii iliniondolea miaka. Wakaenda mpaka mechi ya 7, Mei 7, hapa nyumbani, 1-1, muda wa nyongeza ukaisha, ukaja wa pili. Na nyongeza yao sio dakika 15 halafu penati, ni dakika 20 nzima za kipindi na anayefunga mechi imeisha papo hapo. Kipa wa Dallas Ben Bishop kakulia hapa hapa St. Louis, alidaka michomo 52 usiku ule. 52! Mpaka kijana wa miaka 19 Robert Thomas akapiga, kisahani kikagonga mwamba, kikagonga kichwa cha Bishop kwa nyuma, kikadondoka mbele ya goli, na aliyekuwa amesimama pale ni nani kama sio Pat Maroon, yule mtoto wa mji aliyerudi kwa ajili ya mwanae. Akasukuma tu. Kamera ikamtafuta mtoto jukwaani analia, na mimi kwenye kibanda cha getini nalia, na mlinzi wa miaka sabini na kitu analia, lori linapiga honi nje linataka kufunguliwa geti.

Bint Kigamboni

Jamani 😭 hapo hapo kwa mtoto nimeshindwa

Nairobi Bila Theluji

Buda hii stori ni moto. Lakini usiseme ni ya wazungu peke yao, sisi huku tuko na Ice Lions, wanacheza pale Panari, Mombasa Road, kiwanja ni kidogo kuliko cha kawaida lakini barafu ni barafu. 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada iliwapeleka huko wakacheza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, tangazo likazunguka dunia. Tunaendelea pole pole.

Kibarua wa Missouri

Niliona lile tangazo, nikamuonesha mzee, akauliza Kenya kuna baridi? Nikamwambia iko ndani ya hoteli. Akakaa kimya muda mrefu sana.

Nusu fainali, San Jose. Mkwawa wa Boston, wewe shabiki wa Bruins, najua unasoma kimya kimya, hapa naomba unisome vizuri kwasababu najua utakachokuja kusema baadae. Mechi ya 3, nyumbani, Blues wanaongoza 4-3, imebaki dakika moja San Jose wakasawazisha. Muda wa nyongeza, Timo Meier wa San Jose akakisukuma kisahani kwa MKONO, mkono kabisa, kikamfikia mwenzake Nyquist, akampa Erik Karlsson, goli. Mechi imekwisha, 5-4. Marefa wanne uwanjani hawakuona, na kanuni ya wakati ule haikuruhusu tukio la namna hiyo kurudiwa kwenye video. Uwanja mzima umeona, mzee wangu mwenye mtoto wa jicho kaona.

Timu nyingi zingekufa pale. Berube akawaambia achaneni nayo tunasonga mbele. Mechi ya 4 wakashinda 2-1, ya 5 wakashinda 5-0, Schwartz tena goli tatu, ya 6 wakashinda 5-1. Kiangazi kile kile ligi ikabadilisha kanuni, mambo kama yale yakaanza kuangaliwa kwenye video.

Fainali. Mara ya kwanza tangu 1970. Mpinzani, Boston Bruins.

Mkwawa wa Boston

Nipo mkuu, nilikuwa nakusubiri. Nina miaka 14 hapa Boston na nasema wazi: mechi ya 5. Tyler Bozak alimkata mtama Noel Acciari wetu mchana kweupe, refa anatazama, mtu yuko chini, Blues wakaendelea na muda huo huo Perron akafunga la pili, wakashinda 2-1. Tungeshinda ile mechi kombe letu. Msiite bahati muujiza.

Chuma cha Reli

Ngoma imeanza sasa

Kibarua wa Missouri

Sawa, ilikuwa madhambi. Sibishi hata kidogo, nimeiangalia mara mia, alimkata. Ila na wewe sema ya Karlsson ilikuwa mkono. Ukiwa na mtoano wa mechi 26 refa atakukosea na atakubeba, swali ni unafanya nini kesho yake. Sisi tulionewa tukashinda tatu mfululizo. Nyie mlionewa mkaja hapa mkashinda mechi ya 6 5-1, vizuri kabisa, halafu mkarudi kwenu, uwanja wenu, mashabiki wenu, kipindi cha kwanza mmepiga michomo 12 sisi minne. Nani aliongoza?

Mkwawa wa Boston

Usinikumbushe.

Mama Shushu

Mmeruka! Mechi ya 1 mpaka ya 4 ziko wapi?

Kibarua wa Missouri

Samahani dada, hasira hizi.

Ya 1 Boston 4-2. Ya 2 kule kule Boston ikaenda nyongeza. Sasa sikilizeni hii. Kuna beki anaitwa Carl Gunnarsson, mkimya, hafungi, kipindi cha tatu alikuwa amegonga mwamba. Mapumziko kabla ya nyongeza akakutana na kocha chooni, wamesimama wanajisaidia, akamwambia nahitaji nafasi moja tu zaidi. Nyongeza imeanza hazijafika dakika nne, akapiga kutoka mbali, goli. Huo ndo ushindi wa kwanza wa St. Louis kwenye fainali tangu klabu izaliwe, baada ya kufungwa 13. Umeahidiwa chooni.

Ya 3 nyumbani tukala 7-2, Binnington akatolewa. Watu wakaanza kusema kipa wa hadithi kaisha, dogo karudi kuwa namba nne. Ya 4 akarudi kama hamna kilichotokea, O'Reilly mbili, tukashinda 4-2. Ya 5 hiyo ya Mkwawa. Kwahiyo tunaongoza 3-2 na mechi ya 6 iko hapa, mji umevaa bluu mpaka mbwa. Na gazeti la hapa likafanya balaa, kwenye toleo la mtandaoni zikaonekana kwa bahati mbaya kurasa za kuwapongeza mabingwa kabla ya mechi kuchezwa! Wamekata kanzu mwana hajazaliwa. Mzee aliponionesha kwenye simu mkono unatetemeka, akasema wametuua. Tukala 5-1.

Halafu kuna kitu hakisemwi sana, hii timu ilikuwa mbovu nyumbani. Mtoano ule wote nyumbani walishinda 6 wakafungwa 7, ugenini wakashinda 10 wakafungwa 3 tu. Kwahiyo mi mechi ya 7 kuwa Boston sikuogopa, nilimwambia mzee afadhali iwe huko.

Bint Kigamboni

Huku ilikuwa saa ngapi?

Kibarua wa Missouri

Huko ilikuwa saa tisa usiku kuamkia Juni 13, huku saa moja jioni Juni 12. Watu walijaza uwanja wa hoki wa hapa kuangalia kwenye skrini, wakajaza na uwanja wa besiboli, timu yenyewe haipo mjini. Mi nilifika kazini masaa matatu kabla ya shifti, nikakaa kwenye kibanda cha mlinzi, tivi ndogo.

Kipindi cha kwanza Boston wametukalia kooni. Binnington kadaka vitu ambavyo sielewi. Sisi hatuna kitu, halafu dakika ya 17 beki wetu Bouwmeester kapiga kutoka mbali, O'Reilly kaigusa njiani na gongo, 1-0. O'Reilly alifunga mechi nne mfululizo za fainali, na baadae ikajulikana alikuwa anacheza mbavu ina ufa. Halafu mwishoni kabisa mwa kipindi, Brad Marchand wa Boston akaamua kwenda benchi kubadilishwa, katikati ya shambulizi letu, akaacha njia wazi, nahodha Alex Pietrangelo akaingia peke yake, akamlaza kipa wao Tuukka Rask. Zimebaki sekunde 7.9. Michomo minne, goli mbili.

Mkwawa wa Boston

Marchand mwenyewe kajutia ile, sina la kuongeza. Nilizima tivi nikawasha tena mara tatu.

Kibarua wa Missouri

Kipindi cha tatu bado 2-0, Joakim Nordstrom wa Boston akabaki na goli tupu, Binnington akarusha mguu, ikagonga mguu. Nilisimama nikagonga kichwa kwenye rafu. Halafu Brayden Schenn la tatu, halafu la nne alifunga Zach Sanford. Mnamkumbuka Sanford? Yule wa kupigwa ngumi mazoezini Desemba. Boston wakapata moja la kufutia machozi, 4-1, ikaisha. O'Reilly mchezaji bora wa mtoano. Binnington kipa wa kwanza mgeni wa ligi kushinda mechi zote 16 za safari ya kombe.

Tarehe 15 gwaride Market Street, sijawahi kuona watu wengi vile nikiwa nje ya Dar.

Chuma cha Reli

Leicester bado ni kubwa zaidi mkuu. 5,000 kwa 1 ile.

Kibarua wa Missouri

Ni kubwa zaidi kwa odi, sikatai. Ila Leicester walikuwa maskini wakashinda. Hawa walikuwa na pesa na kikosi, wakawa wa mwisho. Timu dhaifu ikipigana tunaielewa. Timu nzuri iliyooza halafu ikajitibu yenyewe katikati ya msimu, bila kununua nyota, kwa kumtoa kijana stoo, nitajie nyingine.

Mkeka Haudanganyi

Msimu uliofuata je? Nisije nikaweka kitu

Kibarua wa Missouri

Wakaanza vizuri sana, Machi 2020 korona inasimamisha ligi walikuwa wanaongoza magharibi. Waliporudi Agosti wakatolewa raundi ya kwanza na Vancouver. Pietrangelo akaenda Vegas, akabeba tena 2023. Maroon alienda Tampa kiangazi kile kile cha 2019, akabeba 2020 na 2021, matatu mfululizo yule mzito. Kwahiyo ungemfuata Maroon sio Blues.

Kipa Mstaafu wa Mchangani

Mkuu swali la mwisho. Mzee alifanyaje Pietrangelo alipofunga? Maana miaka 52 ile.

Kibarua wa Missouri

Hakuiona. Zilipobaki sekunde kama 20 aliona kipindi kinaisha, akaenda chooni mapema asije akakuta foleni ya madereva.